Pesa ya Moshi

Simba hakuwemo.

Hapo ndipo nilipowaacha wiki jana, na najua wengine wenu hamjanisamehe. Msomaji mmoja wa Athi River ameniandikia ukurasa mzima akisema mimi ni mtu katili, ati nawaacha wanawake wamesimama dirishani siku saba. Sawa, ndugu, nimekubali. Wacha nimtoe hapo.

Na wewe uliyelipata gazeti hili leo kwa sababu limefungiwa nyama, sikiliza haraka. Keziah Kaluki ni keshia mkuu wa Benki ya Mbuga, tawi la Kitengela. Ana miaka tisa nyuma ya kile kioo cha kaunta na hajawahi kuitwa ofisini kwa kosa. Asubuhi ile ya Agosti 1999 alikuwa peke yake katika chumba cha nyuma cha kupangia noti. Alikuwa ameinua noti ya elfu moja kwenye mwanga wa dirisha amtafute simba, yule aliyejificha ndani ya karatasi yenyewe. Badala ya simba aliona kivuli cha kidole chake.

Ndipo ufunguo ukazunguka mlangoni nyuma yake.

"Weka hiyo noti chini, Kaluki."

Alikuwa Bwana Munguti, meneja. Alikuwa ameingia, akafunga mlango kwa ndani, na ufunguo akautia mfukoni. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, na mnajua wenyewe baridi ya Kitengela mwezi wa nane.

"Bosi, hii noti si ya kweli."

"Nimesema weka chini. Umeonyesha nani?"

"Hakuna mtu."

"Uko na hakika?"

"Nimeiona sasa hivi! Ningeonyesha nani, rafu?"

Munguti akasogea. Keziah akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Mezani palikuwa na mkasi wa kukatia kamba. Akautupia jicho, na Munguti akaona ametupia mkasi jicho.

"Haki, Kaluki! Unadhani mimi ndio nazichapisha?"

"Umenifungia ndani."

"Nimekufungia kwa sababu ukitoka hapo nje ukipiga nduru, watu wote wa soko la ng'ombe watakuwa hapa kabla ya saa nne wakitaka pesa zao. Kaa chini. Soma hii."

Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa faksi kutoka makao makuu, na ilikuwa imelowa jasho lake pembeni.

Keziah akasoma akiwa bado amesimama. Tahadhari kwa matawi yote. Noti bandia za shilingi elfu moja zimeingia. Ziangalieni hivi na vile. Mambo anayoyajua tangu siku ya kwanza kazini. Akashuka mpaka aya ya mwisho, na hapo akakaa.

Bandia arobaini na moja zilikuwa zimepatikana makao makuu. Zote zilitoka ndani ya mafungu yaliyofungwa kwa utepe wa karatasi wenye mhuri wa Kitengela, na juu ya kila utepe keshia alikuwa ametia herufi mbili kwa kalamu nyekundu: K.K. Maafisa wa upelelezi wangefika tawini Alhamisi, saa sita mchana.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na robo.

"Wanakuja kunishika," Keziah alisema.

"Wanakuja kuuliza maswali."

"Bosi, wacha. Wewe umeona keshia gani akaulizwa maswali akiwa nyumbani kwake? Unalala ndani kwanza." Kisha macho yake yakarudi juu ya karatasi, penye tarehe. "Hii ilifika Jumanne."

Munguti akautazama mlango.

"Ilifika Jumanne, na leo ni Alhamisi! Siku mbili umetembea nayo mfukoni?"

"Ningeitangaza, kesho yake wateja wangetorokea benki ingine. Nilitaka nipitishe siku ya soko kwanza, halafu..."

"Halafu nini?"

Munguti alijifuta jasho. Mimi nimekaa na watu wa aina yake, waheshimiwa wasomaji, na wananiudhi kuliko wezi. Mwizi angalau huamka asubuhi akijua anachokwenda kufanya. Huyu wa kuficha karatasi mfukoni akiomba siku ipite ndiye anayezamisha watu.

Sasa, kama una elfu moja karibu, itoe. Kama huna, azima kwa jirani na umrudishie. Iinue kwenye mwanga, simba atoke. Tafuta uzi mwembamba uliopita ndani ya karatasi kutoka juu mpaka chini, usiwe umechorwa juu. Pitisha ukucha kwenye maandishi makubwa, ukwaruze, kwa sababu wino wa serikali umeinuka. Benki wana kitu kingine, taa ya buluu. Karatasi ya dukani ikiwekwa chini ya taa hiyo inang'aa nyeupe pe pe pe, lakini karatasi ya noti halali inabaki imetulia.

Keziah alijua haya yote. Alikuwa akiwafundisha wengine. Basi bandia arobaini na moja zilipitaje mikononi mwake?

Aliichukua tena ile noti. Safari hii hakuitazama, aliinusa.

Ilinuka moshi, kwa mbali.

"Mungu wangu," alisema. "Ni pesa ya moshi."

Ngoja niwaeleze nyinyi mnaokaa mbali. Wafugaji wa huku, mtu akiuza ng'ombe au kipande cha ardhi, pesa haiwekwi chini ya godoro. Mchwa wataila, panya wataila. Mama wa nyumba anaitia ndani ya mfuko wa ngozi na kuitundika juu ya moto, mahali anapoweza kuiona akipika. Inakaa pale miezi, pengine miaka. Ikifika benki imelegea, imekuwa ya hudhurungi, ina mafuta, na inanuka moshi hata ukiwa mlangoni.

Makeshia wa Kitengela wanaijua. Na wana desturi yao, haijaandikwa popote. Pesa ya moshi haiinuliwi kwenye mwanga. Haiwekwi chini ya taa, kwa sababu mafuta na masizi yanaficha mng'ao hata hivyo. Inahesabiwa haraka kwa pumzi moja na kufungwa utepe. Nani atachapisha pesa manyatani, kwenye maboma ya wafugaji? Pesa ya moshi, pitisha. Keziah mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaambia hivyo wasichana wapya, na kila mara walicheka.

"Mtu amejua vile tunafanya," alimwambia Munguti. "Anapeleka bandia kwa wazee, inakaa juu ya moto, inakuja hapa na sisi tunaipitisha na macho imefungwa."

"Nani angejua hiyo? Hata mimi sikuwa najua."

"Ni mtu amewahi kukaa nyuma ya kioo, bosi."

Wote wawili wakatazamana. Nje, makeshia wawili wadogo walikuwa wakisikika wakigonga mihuri.

Mlango ukagongwa kwa nguvu. Munguti aliruka.

"Meneja!" Ilikuwa sauti ya askari wa mlangoni. "Kuna mama hapa amekataa kupanga laini. Anasema anataka yule msichana mkubwa wa kuhesabu. Nimemwambia angoje, amenipiga na kifimbo!"

Munguti alifungua. Mama aliingia kabla ya kukaribishwa. Alikuwa wa miaka sitini hivi, mrefu, shanga shingoni, na chini ya shuka alikumbatia mkebe wa mafuta ya kupikia uliofungwa kwa kamba ya katani. Keziah alimjua. Alikuwa Nalotuesha, mke wa Mzee Parsaoti wa Isinya, wateja wa miaka miwili.

"Takwenya, yeyo," Keziah alimsalimia kwa Kimaa, akimwita mama.

"Iko." Aliitikia kwa heshima, lakini hakukaa. Aliweka mkebe mezani kwa kishindo. "Nakerai, mtoto wangu, nyinyi watu wa benki, mnajua pesa inatoa rangi?"

"Inatoa rangi aje, yeyo?"

"Nilikuwa naosha kibuyu. Maziwa ikamwagika kwa mfuko ya pesa. Mimi nikatoa nikaanika kwa jua. Angalia mikono yangu!"

Akafungua viganja. Katikati ya mistari ya kiganja palikuwa na doa la rangi ya kahawia iliyochanganyika na bluu, na halikuwa limetoka kwa sabuni.

"Nimeosha pesa mara mingi ikiwa kwa nguo ya mzee," alisema. "Mara mingi! Pesa ya serikali haitoi rangi. Hii inatoa. Nikamwambia mzee, akaniambia niwache maneno ya wanawake. Akaenda zake."

Keziah alikuwa amekwisha kata kamba. Noti zilikuwa zimejaa mpaka juu, na harufu ya moshi ikajaza chumba. Alizimwaga mezani, akaziangalia namba zake tu. Hakuhitaji simba wala taa. Mkebe mzima ulikuwa na namba tatu, zile zile, zikirudiarudia kutoka juu hadi chini.

Aligeuza noti moja, akageuza ya kumi, akageuza ya hamsini. Namba tatu.

"Yeyo, hii pesa ni ya nini?"

"Ya shamba. Ekari arobaini. Tuliuza yote, tukabaki na ya boma na ya kaburi."

Munguti alijishika kichwa. "Na mzee yuko wapi?"

"Si Kajiado? Leo ndio bodi ya ardhi inakaa, saa tano. Anaenda kusema amekubali, wale wanunuzi wapewe karatasi yao."

Mnaona sasa? Bodi ikishapitisha, na mzee amesimama mbele ya watu akasema kwa kinywa chake kwamba ameuza na amelipwa, ardhi imekwenda. Atabaki na mkebe wa makaratasi yenye kutoa rangi.

"Hao wanunuzi, unawajua?" Keziah aliuliza.

"Walikuja wawili. Mmoja kijana, ndio jina yake iko kwa karatasi. Huyo hata haongei. Mwingine ni mtu mzima, anajiita Mwololo, huyo ndio wa kuleta pesa. Mtu ya adabu kabisa, ya miwani nyeusi. Aliniambia mimi mwenyewe, mama tundika juu ya moto. Usipeleke benki mpaka bodi ikubali, bodi ikikataa nitakuja kuchukua yote vile iko. Nikaona ni mtu ya haki." Alitema mate pembeni, kisha akakumbuka yuko benki na kuyafuta kwa shuka. "Ya haki!"

Keziah alisimama. 

"Bosi, sikia. Tukimfikia Mzee Parsaoti kabla ya saa tano, hatasema amekubali. Na huyo kijana wa jina kwa karatasi atakuwa hapo hapo kwa bodi amekaa. Askari watamshika. Akishikwa atataja Mwololo, na Mwololo atasema alizipeleka wapi zingine. Hiyo ndiyo itanitoa mimi. Tukichelewa, mzee amepoteza shamba, na saa sita mimi naingia gari la polisi."

"Kajiado ni kilomita hamsini. Gari la benki liko Nairobi."

"Tawi letu la Kajiado liko karibu na pale bodi inakaa. Mtu anaweza kutembea. Tumpigie Bwana Katee."

Uso wa Munguti ulipata nafuu. Na wa Keziah pia. Bwana Katee alikuwa meneja wa tawi la Kajiado. Kabla ya hapo alikuwa Kitengela miaka sita, na ndiye aliyemkalisha Keziah kwenye kiti cha kwanza, akamfundisha kushika noti bila kujikata vidole. Mama yake Keziah alipofariki, Katee ndiye aliyekuja na gari la kusafirisha wafiwa. Ukitaka mtu wa kuambiwa neno zito, ni yeye.

Waliingia ofisini kwa meneja, wote watatu. Nalotuesha alikataa kuuacha mkebe, wala noti moja mezani, akazikusanya zote kwanza. Dakika tano zikaliwa hapo. Kisha simu ya Kajiado ikawa inatumika. Wakajaribu tena, inatumika. Ilipofika saa nne kasoro dakika kumi, ikaita.

Munguti akabonyeza kile kidude cha spika ili wote wasikie.

"Benki ya Mbuga Kajiado, Katee hapa."

"Bwana Katee, ni Keziah. Shikamoo."

"Aaa, Kaluki! Marahaba, marahaba. Mbona unahema? Taratibu, mama. Taratibu."

Ilikuwa ile sauti nzito ya kumtuliza mtu. Machozi yalimlenga Keziah. Akamweleza. Alianza na faksi, na Katee akasema naam, nao pia waliipata. Akamwambia juu ya simba asiyekuwepo, juu ya namba tatu, akazisoma zote tatu polepole ili Katee aandike. Akamwambia makeshia wa Kajiado wasiruke pesa ya moshi hata moja, waikwaruze kwa ukucha, na kama ukucha hautoshi walowanishe pembe moja kwa maji wafute na kitambaa cheupe.

"Hiyo ya maji ni nzuri," Katee alisema. "Nani amewaambia hiyo?"

"Ni mama mmoja. Yuko na mkebe mzima, ndiyo tumeshika leo."

"Mkebe mzima?"

"Mzima. Waliuziana shamba."

Msomaji, kama huwa unampigia kelele mtu aliye ndani ya gazeti, piga sasa. Yeye hakusikia, lakini utajisikia vizuri.

Nalotuesha alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, mkebe magotini. Sasa alisimama. Alikuwa akikitazama kile kidude cha spika. Akamgusa Keziah mkono. Keziah akamwashiria angoje.

"Kaluki, hayo mmemwambia nani mwingine?" sauti iliuliza.

"Hakuna. Wewe wa kwanza. Bado hata makao makuu Nairobi hatujapiga."

"Vizuri. Msipige. Mkipiga saa hii kila mtu atapaniki. Taratibu. Nipeni saa moja nishughulike huku."

"Bwana Katee, si saa moja. Bodi ni saa tano. Kuna mzee hapo kwenu anaitwa Parsaoti, lazima umfikie kabla hajaingia. Mwambie asiseme amekubali. Mwambie pesa ni bandia."

"Nitamjuaje?"

"Mrefu, mguu wa kushoto anauvuta kidogo. Amezoea kuvaa koti ya jeshi juu ya shuka. Mara nyingi akija mjini anakaa kwa ile hoteli ya chai mkabala na kituo cha mafuta, anangoja hapo."

"Peke yake?"

"Nafikiri peke yake."

Nalotuesha akamvuta Keziah mkono kwa nguvu, mkebe ukamponyoka, ukaanguka sakafuni na kubingirika mpaka ukutani. Noti zikamwagika. Mama akasema maneno mawili matatu kwa Kimaa, kwa sauti ya juu.

Spika ikabaki ikivuma. Munguti akainama kuangalia kama laini imekatika.

"Kaluki," Katee alisema hatimaye. "Huyo mama yuko hapo na nyinyi?"

"Yuko hapa."

"Ofisini?"

"Ndiyo. Ameshtuka kidogo."

"Msimwache aende. Hata akitaka kwenda choo, msimwache. Mimi namfuata mzee mwenyewe, na gari langu. Taratibu, sawa?"

Laini ikakatika.

Keziah alishusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Tumefaulu," alisema. "Yeyo, pole, nilikuwa na haraka. Ulikuwa unasema nini?"

Nalotuesha hakuokota pesa. Alikuwa amesimama wima akielekeza kifimbo chake kwenye simu.

"Huyo mtu amekunywa chai kwangu."

"Nani?"

"Huyo wa ndani ya simu. Amekunywa chai kwangu mara mbili. Hiyo taratibu, taratibu, ndio aliniambia nikitundika mfuko. Taratibu mama, isianguke kwa moto."

Munguti akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka kusikia. "Mama, hapana. Huyo ni meneja wa benki."

"Mimi sijasema si meneja. Nimesema amekunywa chai kwangu."

Keziah aliitazama simu.  Mtu aliyewahi kukaa nyuma ya kioo. Nani alimwambia yeye mwenyewe, mwaka ule wa kwanza, pesa ya moshi usijisumbue nayo, pitisha? Hakuwa amewahi kujiuliza. Ulikuwa ni ushauri wa mtu mzima kwa msichana mgeni, na alikuwa ameushika kwa shukrani.

Na sasa alikuwa amempa kila kitu. Namba. Mbinu ya maji. Kwamba Nairobi hawajui. Kwamba shahidi yuko kwenye ofisi hii na mkebe wake.

"Piga tena!" alimfokea meneja, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumfokea. "Piga tena Kajiado! Muulize mtu mwingine!"

Munguti alikosea namba mara mbili. Maskini, safari hii simlaumu. Mara ya tatu ikaita, ikaita sana, na msichana akashika.

"Benki ya Mbuga Kajiado, mnaongea na Phylis."

"Phylis, ni Keziah wa Kitengela. Bwana Katee yuko?"

"Ai, ametoka sasa hivi. Amekimbia hata koti amewacha. Anaenda kuchukua mzee fulani kwa hoteli ya hapa mbele."

"Phylis, nisikie vizuri. Toka nje. Mwite huyo mzee. Piga kelele, fanya chochote, asipande hilo gari!"

"Aunty, kwani kuna nini?"

"Toka nje!"

"Lakini ndio nawaona hapa dirishani." Phylis alikuwa na sauti nyepesi ya msichana asiyejua kitu. "Mzee wa koti ya jeshi, si ndiye? Ashapanda. Wanajuana, aki. Mzee amefurahi kumwona, amemshika mkono na mikono yote mbili. Bwana Katee amemfungulia mlango ya mbele."

"Wanaenda wapi? Phylis! Wanaenda upande wa bodi?"

"Ngoja... Hapana. Bodi ni huku juu. Wao wameshuka kwa lami." Kukawa na mkwaruzo wa kiti kikisukumwa, na sauti ikarudi ikiwa imepungua furaha. "Wamekata kulia, aunty. Wanaelekea Namanga, mpakani. Na wanaenda mbio sana."

Keziah aliachia mkono wa simu ukaning'inia kwenye waya wake. Spika ilikuwa bado wazi, Phylis akiita haloo, haloo.

Munguti alikuwa amekaa sakafuni katikati ya zile noti. Hakuna hata mmoja kati yao aliyethubutu kumtazama mama. Lakini Nalotuesha alikuwa amesikia yote, neno kwa neno, na Kiswahili cha Phylis hakikuwa kigumu.

Alimkaribia Keziah mpaka shanga zake zikasikika. Hakupaza sauti.

"Nakerai. Ni wewe umemwambia mzee wangu ako wapi?"

"Ndiyo, yeyo," Keziah alisema. "Ni mimi."